Mshenga Aliyetokea Kasino

Ukitaka kwenda kasino Gisenyi, nenda mchana. Huu ndio ushauri wangu wa kwanza, na ninautoa kwa sababu nimeombwa. Rafiki yangu mmoja anayehariri jarida la wasafiri aliniambia kwamba wageni huja ziwani wakiwa na siku chache na pesa za kuchezea, hawajui waanzie wapi, na kwamba mtu wa makamo aliyezaliwa pale, tena aliyesoma, angeweza kuwaandikia mwongozo mfupi wa kufurahia meza za kamari, muziki wa ufukweni na starehe za usiku kwa jumla. Nilikubali upesi kuliko inavyofaa. Miezi imepita na mwongozo haujaandikwa. Kila nikikaa kuuandika, najikuta naandika habari za posa ya mpwa wangu.

Mchana, basi. Usiku kasino ina taa, ina watu waliovaa vizuri, na mtu anaweza kujidanganya kwamba amekuja kwa ajili ya muziki. Mchana hakuna muziki. Unatoka kwenye jua la ziwani, unampita mlinzi anayekupapasa mifuko kwa adabu, unaingia chumba kisicho na dirisha wala saa ya ukutani, na unawaona wenzako kama walivyo: mwanamke ameukumbatia mkoba wake na jicho haliondoi kwenye mashine, wanaume wawili wenye viatu vya matope ya kazini wamesinzia mbele ya vikombe vya kahawa ya bure. Mchana utajiona na wewe. Atakayekuwa bado anaipenda kasino baada ya kujiona, anaweza kurudi usiku. Ale kwanza sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwani, pale ufukweni, maana tumbo tupu hucheza vibaya kuliko kichwa kitupu, na mimi nimewahi kwenda na vyote viwili.

Mimi ni mtoto wa mji huo. Babu yangu aliuza vitambaa na taa za chemli, baba yangu akauza vitambaa na betri, mimi nikapelekwa Dar es Salaam kusoma fasihi, kwa hiyo siuzi kitu. Ninaishi Kigali na mke wangu, ninaandika makala, na katika ukoo ninahesabiwa kuwa mtu wa maneno. Ndiyo maana dada yangu, mwanawe alipopata mchumba Gisenyi, hakutafuta mshenga mbali.

"Kusoma kwako kote kule kumetuletea nini?" aliniuliza kwenye simu. "Basi njoo utuongelee."

Kwa asiyejua desturi yetu: siku ya posa, ambayo kwa Kinyarwanda tunaiita gusaba, familia mbili hukaa zikitazamana chini ya tenti mbili, na washenga wawili hupigana kwa maneno mbele ya watu. Mshenga wa upande wa binti hukana kwamba ana binti. Akibanwa, husema amekwisha chumbiwa na mwingine. Akibanwa zaidi, huuliza nyinyi ni nani hata mje hapa, na hapo huchimbua kila aibu ya kweli au ya kubuni aliyoisikia juu yenu. Mshenga wa mwanamume hujibu kwa unyenyekevu wenye meno. Kila mtu anajua itakavyoishia. Mahari imekwisha zungumzwa, pilau iko jikoni. Lakini hakuna anayetaka kuufikia mwisho huo mapema, kwa sababu urefu wa kunyimwa ndio heshima ya binti. Uongo unaruhusiwa. Uongo unangojewa kwa hamu.

Na kama kuna binti aliyehitaji kunyimwa kwa urefu, ni huyu wetu. Alikuwa amepita miaka thelathini na mitano. Nalitaja hili kwa sababu mtaa mzima ulikuwa ukilitaja. Ana duka la vitambaa karibu na soko, amelelewa na bibi yake katika mtaa wa Mbugangari tangu mdogo, na alikuwa amewakataa wachumba wawili. Kukataa kwake watu walikusahau, wakakumbuka miaka. Majirani walisema siku atakapotokea mwanamume yeyote, hata aliyekuja kuuliza njia, atapewa huyo huyo na nauli juu.

Alhamisi, siku mbili kabla ya posa, mke wangu na mimi tulikwenda kumsalimia bibi yake. Alitukalisha, akatumiminia chai ya tangawizi, kisha, kwa Kiswahili cha Gisenyi chenye Kifaransa ndani yake, akaniongelesha kama fundi anayepewa kazi.

"Ni we utasema kwa upande ya kijana?"

"Ndiyo, bibi."

"Bon. Mi sitaki vitu ya haraka. Hawa watu ya hapa wanangojea tu kucheka. Wanasema mutoto wangu nitamutoa hata kwa mutu ya kuuliza barabara. Nataka wasikie namna anaombwa, mupaka masikio iwaume."

"Yatawauma, bibi."

"Huyu wetu wa kusema nimeisha kumwambia. Huyu hachoke. Kwa posa ya mutoto wa dada yangu alikatalia watu mupaka pilau ikaganda."

"Huyu" alikuwa ameketi pale pale, mzee mwembamba mwenye ndevu za hina, fundi cherehani mstaafu, mtu wa safu ya mbele msikitini. Yeye ndiye angekuwa mpinzani wangu. Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Kiswahili ya huyu ni ya Dar," alisema. "Ni kama suti. Nitaivua pole pole. Koti kwanza."

Watu wote walicheka, mke wangu kuliko wote. Tulipoondoka, binti mwenyewe alitusindikiza hadi getini. Alinipa mkono na hakuuachia.

"Mjomba, mutanipigania?"

"Mpaka wao wachoke."

"Si wao," alisema. Alikuwa akitabasamu, lakini mkono ulibaki. "Mi ndiye nataka nichoke. Nichoke kusikia naombwa."

Nilimwambia atachoka. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye uwezo.

Sasa niseme kile nilichokuwa nimemwahidi mke wangu. Miaka michache nyuma niliingia katika kubeti mpira kwa simu, kama nusu ya wanaume ninaowajua, na kama wao nilisema ni hobi. Nilikuwa naandika makala kuhusu lugha huku jicho moja likiwa kwenye ligi za nchi nisizojua bendera zake. Jioni moja ya Ramadhani, tukifuturu na wakwe zangu, simu yangu ikapiga tarumbeta na kunipongeza kwa sauti mbele ya meza nzima. Mke wangu hakugomba. Baadaye, wageni walipoondoka, aliuliza tu, "Imekwisha?" Nikasema imekwisha. Hakutaka niape, hapendi viapo. Aliniamini kama anavyoamini kwamba nimefunga mlango wa nyuma, bila kwenda kuuangalia.

Ijumaa niliswali katika msikiti ule ule anaoswali mzee wa ndevu za hina. Hotuba sikuisikia, nilikuwa napanga yangu. Baada ya sala nilimwambia mke wangu kwamba nakwenda ziwani kufanya mazoezi ya maneno ya kesho.

"Nenda," alisema. "Ukirudi unisomee mimi kwanza."

Na nilifanya mazoezi kweli. Nilitembea chini ya miti ya ufukweni nikijibizana na mzee asiyekuwepo, nikamshinda mara kadhaa, watoto waliokuwa wakiogelea wakanipungia mkono kwa huruma. Kisha nikajikuta mbele ya hoteli yenye kasino. Nilijiambia ni kwa ajili ya ule mwongozo. Utafiti. Neno hilo limewahi kunifikisha mahali pengi ambapo mtu asiyesoma angekwenda kwa miguu yake tu, bila kuhitaji neno.

Nilibadilisha pesa nikapewa jetoni, vile vidude vya duara vya plastiki. Msafiri na ajue hili: ukishika jetoni umekwisha ziaga pesa zako. Plastiki haifanani na kitu chochote ulichowahi kukihangaikia. Nikakaa kwenye meza ya karata, mchezo wa kuitafuta ishirini na moja, kwa sababu unampa mtu aliyesoma nafasi ya kujifanya anafikiri. Mgawa karata, msichana mwenye kizibao chekundu, alinipa karata zangu, kisha akatazama nyuma ya bega langu na uso wake ukachangamka.

"Karibu, Mzee wetu. Leo umechelewa."

Kiti cha pembeni yangu kilivutwa. Nikaona mkono uliokauka ukiweka jetoni mezani kwa unadhifu wa mtu anayepanga vifungo vya shati. Juu kulikuwa na kofia ya michezo, imeshushwa hadi kwenye nyusi. Chini ya kofia kulikuwa na ndevu za hina.

Sijui nani alimwona mwenzake kwanza. Najua tu kwamba tulitazama karata zetu kwa muda mrefu kama watu wanaosoma wosia.

"Assalamu alaykum," alisema hatimaye, akiziambia karata.

"Wa alaykum salaam, mzee wangu."

"Hotuba ya leo ilikuwa muzuri."

"Ilikuwa nzuri sana."

"Ndefu kidogo."

"Kidogo."

Msichana akauliza, "Mzee wetu, niongeze?" Mzee akatikisa kichwa kama aliyeulizwa kuhusu jambo asilolijua kabisa.

"Mi nilipita tu kuangalia kama iko parking," aliniambia. "Ya magari ya kesho. Wageni ni wengi."

"Hata mimi," nilisema. "Maegesho."

"Iko?"

"Ipo. Kubwa."

"Bon. Alhamdulillahi."

Akainuka. Jetoni zake aliziacha pale mezani, jambo ambalo kwa mchezaji ni sawa na kuacha viatu akikimbia moto. Msichana alimwita, yeye akazidi kuelekea mlangoni, mgongo umenyooka, mtu aliyemaliza kukagua maegesho.

Hatukuahidiana kitu. Kila mmoja alijua mwenzake ana nini mkononi.

Ningependa kuandika kwamba na mimi niliinuka. Nilibaki. Nilijiambia nimalizie karata zile, halafu zilizofuata, kwa kuwa aibu ilikwisha nipata na haikuwa na haja ya kunipata mara mbili. Sala ya alasiri ilinipita nikiwa ndani ya chumba kile. Nilipotoka jua lilikuwa limelala upande mwingine wa ziwa, na mfukoni sikuwa na jetoni hata moja.

Katika nyumba tuliyofikia, mke wangu alizima redio ili anisikilize. Nikamsomea maneno yote niliyoyaandaa, na utani wote.

"Ni mazuri," alisema. "Ila unasoma kama mtu anayeomba radhi."

Usiku huo nilipiga hesabu ya woga wangu. Kazi ya mzee yule ni kuchimbua aibu zangu hadharani, na sasa alikuwa nayo moja isiyohitaji kubuniwa. Mke wangu angekuwa ameketi nyuma yangu. Kisha nikakumbuka kwamba kazi yangu ni kumjibu, na kwamba na yeye, huko aliko, analijua hilo. Nikapata usingizi kidogo. Nilidhani nimeokoka. Binti aliyenishika mkono getini hakunijia akilini hata mara moja.

Jumamosi tenti zilijaa. Dada yangu na wenzake walivaa mishanana, yale mavazi ya kufunga begani, ya rangi moja, sisi wanaume kanzu na makoti, na ng'ambo yetu kulikuwa na bibi mwenyewe katikati ya mstari wa mbele, na nyuma yake majirani, wale wale, wamekuja mapema kupata viti vizuri. Binti alikuwa ndani ya nyumba, nyuma ya pazia, kama desturi inavyotaka, asikie yote na asionekane mpaka aitwe.

Mzee alisimama. Alikuwa na kofia yake nyeupe ya darizi na fimbo. Watu wakanyamaza kwa raha, kama wanaonyamaza kabla ya kisu kupita kwenye keki.

"Karibuni," alisema. "Safari ilikuwa muzuri?"

"Nzuri, mzee wangu."

"Mvua haikuwasumbua?"

"Haikutusumbua."

"Kigali iko salama?"

"Iko salama."

Watu walingoja. Walidhani anavuta kamba nyuma ili aichape. Mimi nikasema tumekuja kuomba binti. Yeye akasema, ni kweli, binti iko. Nikasema kijana wetu ana kazi na tabia njema. Akasema hata wao wamesikia hivyo. Nikaeleza kwa ufupi kuhusu ng'ombe wa mahari. Akasema ng'ombe ni muzuri. Alikuwa akinitazama kifuani, mimi nikitazama fimbo yake, na tulikuwa tukisogea kuelekea mwisho kama watu wawili wanaobeba kabati la kioo kwenye ngazi.

"Bon," alisema. "Sisi hatuna shida. Tumekubali."

Soda zilikuwa hazijafunguliwa zote. Wapishi walikuwa hata hawajaweka mchele.

Hakuna aliyepiga makofi. Kisha mwanamke mmoja katika safu za majirani akasema, si kwa sauti ya chini sana, "Yewe! Hata bei ya viazi ya Bugeshi wanabishania kuliko hivi." Na kicheko kilichofuata hakikuwa cha furaha. Nikamtazama bibi. Alikuwa ameshusha macho kwenye mapaja yake na ananyoosha kitambaa ambacho hakikuwa na mkunjo.

Hapo ndipo nilipoelewa tulichokifanya. Wanaume wawili wazima walikuwa wamenunuliana heshima zao kwa mali ya mtu mwingine, na mwenye mali alikuwa nyuma ya pazia akisikiliza.

Mzee akaita binti aletwe. Wanawake wakaanza wimbo. Wakauimba hadi mwisho, wakauanza tena, mlango ukabaki umefungwa. Hatimaye shangazi wa binti alitoka peke yake, akasimama kizingitini, amechanganyikiwa.

"Anasema hatoke," alisema.

"Hatoke kwa nini?" mzee aliuliza.

"Anasema hajasikia mutu anamuomba."

Dada yangu alinifinya mgongoni kwa kidole. Mpwa wangu, aliyekuwa amekaa kama bwana harusi anavyopaswa, bila kusema kitu, alinigeukia na uso wa mtu anayeona basi lake linaondoka. Mzee alikuwa amesimama ameegemea fimbo, na niliona kwamba hataanza. Hangeweza. Swali lolote la kweli ambalo angeniuliza lingepita mlango wa kasino.

Nikainuka. Karatasi yangu ya utani niliiacha kitini.

"Mzee wangu," nilisema, "umetukaribisha vizuri kupita kiasi. Umeniuliza habari za barabara na za mvua. Hukuniuliza mimi ni mtu gani."

"Nakujua," alisema haraka.

"Hunijui. Unatoa binti kwa watu walioletwa na mshenga ambaye jana, baada ya sala ya Ijumaa, alikuwa amekaa kasino."

Kisha kicheko kikaanza upande wa wanawake, kikavuka uwanja, kikafika kwetu. "Kasino!" mtu alipiga kelele. "Yewe, huyu bwana!" Walikuwa wamepata walichokijia. Walidhani mshenga wa Dar ameamua kujivua koti mwenyewe.

Mzee hakucheka. "Nani alikuona?" aliuliza, kwa sauti ndogo, kama mtu anavyomwuliza daktari.

"Kulikuwa na mzee mmoja," nilisema, na nikaona ameishika fimbo kwa mikono miwili. "Mzee wa heshima. Alikuja kukagua maegesho ya magari ya wageni. Akanikuta, akanitolea salamu, akaondoka. Mimi nikabaki mpaka alasiri ikanipita."

Kila neno lilikuwa kweli, na nimewahi kusema uongo ambao ulininukia vizuri zaidi. Lakini mzee alivuta pumzi ndefu, akanyooka, na mbele ya macho yangu akarudi kuwa yule mtu niliyeambiwa habari zake.

"None se, sasa je!" aliunguruma. "Mumesikia na masikio yenu? Kwa hii mutu ndiyo mulitaka nitoe mutoto? Mi nilisema tumekubali ili nione kama iko na haya! Kesho atamuweka mutoto wangu kwa meza kama jetoni!"

"Mzee wangu, wewe jetoni umezijulia wapi?"

"Kwa redio!"

Tenti zilitikisika. Mama mmoja alilazimika kupigwa mgongo. Na tangu hapo hakunipa nafasi ya kumeza mate. Alitutoa nje, ujumbe mzima, tusimame getini tukumbuke njia ya kwetu, na dada yangu akasimama kwenye vumbi na viatu vyake virefu akinilaani kwa upole. Aliturudisha, akatuonyesha dada wa binti, akauliza kama hatumtaki huyo. Akataja wachumba wawili waliokataliwa, kazi zao na urefu wao, akawauliza majirani kwa vidole kama wanawakumbuka, na majirani wakalazimika kusema wanawakumbuka. Akauliza kwa nini binti aliyewakataa hao amkubali kijana aliyeletwa na mcheza kamari. Nikamwomba binti. Nikamwomba tena kwa ajili ya duka lake alilolijenga mwenyewe, kwa ajili ya bibi aliyemlea, kwa ajili ya uso wa mpwa wangu ambao ulikuwa unatia huruma bila msaada wangu. Sauti yangu ikakauka. Bibi alikuwa ameinua macho, na sasa alikuwa akigeuka nyuma mara kwa mara kuwatazama majirani, mmoja mmoja.

Binti alitoka jua likiwa limeanza kulegea. Alitembea polepole kuliko wimbo, na alipofika usawa wa safu za majirani akatembea polepole zaidi. Vigelegele vilimfuata hadi alipoketi.

Kama ningekuwa mtu mwema kidogo, hadithi ingeishia hapo na ningekula pilau yangu kwa amani. Lakini watu walikuja. Wanaume nisiowajua walinipiga bega. "Ile ya kasino! Uliitoa wapi?" "Haya ndiyo mambo ya kusoma fasihi." Mzee mmoja alitaka nimsemee mwanawe baada ya Mfungo. Nikawashukuru. Niliinamisha kichwa kama msanii mnyenyekevu. Nilikuwa nimesema aibu yangu mbele ya halaiki na nikalipwa sifa, na kitu kibaya zaidi ninachoweza kukiandika ni kwamba sifa zile zilikuwa tamu.

Mzee wa ndevu za hina nilimkuta kwenye birika la kunawia mikono. Tulinawa kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

"Mi sirudi kule tena," alisema, akitazama maji.

"Hata mimi."

"Wallahi."

Kiapo nilimwachia yeye. Tulipeana mkono ukiwa bado unadondoka maji, na kila mmoja akaenda kwa watu wake.

Kuna mtu mmoja ambaye hakuwa amecheka. Nilijua bila kugeuka, tangu neno la kwanza, kwa sababu kicheko cha mke wangu nakitambua katika umati wowote na siku hiyo hakikuwemo. Alikula, akawasaidia kina mama kukusanya sahani, akaagana na bibi kwa mikono miwili. Tulirudi kwa miguu, kwa kuwa nyumba tuliyofikia haikuwa mbali. Watu wa posa walikuwa wakitupita kwa pikipiki wakinipigia kelele za pongezi, mimi nikiwapungia mkono.

"Ilikuwa kweli," alisema. Hakuuliza.

"Nimesema mbele ya watu wote," nilijibu, na hata mimi nilisikia jinsi nilivyojivunia hilo.

"Watu wote ulikwisha waambia. Mimi hujaniambia."

Tukatembea kidogo. Nilitafuta namna ya kuanza, sentensi nzuri, na zikaja nyingi, kila moja ikiwa na utani mwishoni wa kushikilia. Alikuwa akitazama mbele na hakuwa na haraka. Nikaziacha zote. Nikamwambia kwamba nilimwacha akidhani nakwenda ziwani, kwamba niliingia, kwamba nilimwona mzee na bado nikabaki, kwamba nilirudi nikamsomea hotuba. Bila watu wa kucheka, ilikuwa hadithi fupi sana, na hakukuwa na mahali ndani yake ambapo mtu angeweza kunipenda.

Mlangoni alinyoosha mkono, nikadhani anataka ufunguo, nikampa. Akaupokea, akautia kwenye mkoba wake, akasukuma mlango, ambao tangu asubuhi nilikuwa nimesahau kuufunga.